Machozi ya filamu hayaletwi na kifo

Watu hufa kwenye filamu kila siku na hakuna anayelia. Filamu moja ya vita huangusha watu kwa mamia kabla saa ya kwanza haijaisha, na mtazamaji anaendelea kutafuna bisi zake. Halafu kwenye filamu nyingine kijana wa kuchorwa anatia maji kwenye kopo la peremende zilizokwisha, analitikisa, anampa mdogo wake anywe utamu uliobaki, na ukumbi mzima unaanza kuvuta kamasi. Mwandishi, mwongozaji au mhariri anayetaka kuliza watu aanzie kwenye tofauti hiyo. Wengi wanaanzia kaburini, na huko ndiko machozi yanakopotelea.

Kopo lile ni la Hotaru no Haka, filamu ya Kijapani ya Isao Takahata iliyotoka studio ya Ghibli Aprili 1988, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina lake la Kiingereza, Grave of the Fireflies. Inatokana na hadithi ya Akiyuki Nosaka ya 1967 kuhusu ndugu wawili, Seita mwenye miaka 14 na Setsuko mwenye miaka 4, waliofiwa na mama yao katika mashambulizi ya mabomu ya moto mjini Kobe mwaka 1945. Takahata hakuficha kitu. Filamu inafunguka kwa sauti ya Seita mwenyewe akisema kwamba usiku wa tarehe 21 Septemba 1945 ndio usiku aliokufa. Tunamwona ameegemea nguzo ya stesheni, amekonda, watu wanampita. Mfanyakazi wa stesheni anaokota kopo lake na kulitupa majanini, na kinachomwagika ni majivu na vipande vya mifupa. Hadithi haijaanza hata vizuri, tayari tunajua kwamba wote wawili hawapo.

Kwa hiyo anayelia mbele huko halii kwa kushtuka. Alishaambiwa. Analia kwa sababu nyingine, na baada ya kuzitazama filamu za aina hii kwa makini, tukio kwa tukio, naona sababu hizo ni mbili tu zinazojirudia. Ya kwanza ni mtu aliyekuwa anajikaza kushindwa kuendelea kujikaza. Ya pili ni wema kufika wakati umeshachelewa kusaidia, au kutoka kwa mtu asiyelazimika kuutoa. Kifo kinaweza kuwa karibu na mambo hayo mawili, kinaweza pia kisiwepo kabisa.

Tazama Takahata anavyolipanga la kwanza. Baada ya mashambulizi Seita anamkuta mama yake kwenye shule iliyogeuzwa kituo cha majeruhi, amefungwa bendeji mwili mzima. Anatoka nje kwa Setsuko, ambaye hajui lolote na anataka kwenda kwa mama. Anamwambia watakwenda kesho. Mtoto anachuchumaa uwanjani na kuanza kulia. Seita hana neno la kumwambia, basi anakwenda kwenye chuma cha mazoezi, anakishika, na kuanza kujizungusha: juu, chini, juu, chini. Anajaribu kumchangamsha mdogo wake. Tunauona uwanja mtupu, mtoto aliyejikunyata na kijana anayezunguka kwenye chuma, na hakuna anayetuambia cha kuhisi. Mwongozaji mwingine angesogeza kamera mpaka usoni, akaweka violini, akamwagiza kijana apige magoti. Takahata anamnyima Seita machozi, na kwa kumnyima anatubebesha sisi.

Siri hiyo Seita anatembea nayo sehemu kubwa ya filamu. Halafu inafika asubuhi ambapo Setsuko anachimba kashimo kuwazika vimulimuli waliokufa usiku, na anapoulizwa anafanya nini anasema anawatengenezea kaburi, kwa sababu mama naye yuko kaburini, shangazi alimwambia. Hapo ndipo Seita anapolia. Mtoto aliyekuwa analindwa asijue alikuwa anajua muda wote, na pengine yeye ndiye aliyekuwa anamlinda kaka yake. Kila kitu kilishapangwa mapema, na mwongozaji hakuhitaji hata dakika moja ya maelezo.

Kosa linaloharibu miswada mingi liko hapa. Mhusika anapewa habari mbaya na palepale anaangua kilio. Mtazamaji anabaki bila kazi, kwa kuwa kilio kimeshafanywa kwa niaba yake. Ukiwa na mswada ambao mhusika mkuu analia mara tano, futa vilio vinne na ubaki na kimoja, kile cha baadaye. Katika yale matukio manne mpe kitu cha kufanya kwa mikono: kukunja nguo, kuzungusha baiskeli, kujibu simu kwa sauti ya kawaida. Mikono inayofanya kazi huku uso ukijizuia inaonekana vizuri kwenye kamera, na mwigizaji wa kiwango cha wastani anaiweza. Kilio kinahitaji mwigizaji hodari, na hata yeye hawezi kukirudia mara kumi kwa siku.

Tukio la kulia halijitoshelezi. Linakusanya madeni yaliyowekwa mapema, na ukiyahesabu kwenye filamu zilizofanikiwa utaona karibu kila mara ni kitu kidogo kinachoonekana angalau mara tatu. Mara ya kwanza kwenye furaha. Mara ya pili kikiwa kinatumika tu, bila mkazo. Mara ya tatu kikiwa kitupu, au kimebaki peke yake, au kipo kwenye mkono usio wake. Kikionekana mara mbili tu mtazamaji anaiona hila, kwa sababu kile cha kwanza kinabaki wazi kwamba kiliwekwa makusudi. Ile mara ya pili ndiyo inayokizamisha ndani ya maisha ya wahusika mpaka tunaacha kukiona. Na mara ya kwanza isizidi sekunde mbili au tatu, kiwe mkononi mwa mtu anayezungumza habari nyingine. Ukikipiga picha ya karibu yenye muziki, umeshamwambia mtazamaji akikumbuke, na akishakumbuka kwa kuagizwa hawezi kuumia.

Anayetaka kuliona hilo likifanyika kwa kasi ya ajabu aitazame sehemu ya ndoa kwenye Up, filamu ya Pixar ya 2009 iliyoongozwa na Pete Docter akishirikiana na Bob Peterson. Ni zaidi kidogo ya dakika nne, hakuna neno linalosemwa, na ndani yake Carl na Ellie wanaoana, wanazeeka na mmoja anafariki. Watu wanaikumbuka kama sehemu ya huzuni, kumbe sehemu yake kubwa ni furaha. Fuata mtungi wa akiba. Wanaweka sarafu kwa ajili ya safari, gurudumu la gari linaharibika, mtungi unavunjwa. Wanaanza upya, Carl anavunjika mguu, unavunjwa. Wanaanza tena, mti unaangukia nyumba, unavunjwa. Hapo tunacheka. Fuata kilima: mwanzoni Ellie anakipanda mbio, Carl anahema nyuma, mwishoni Carl ndiye aliyetangulia na tiketi zimefichwa kwenye kikapu, na Ellie anajikwaa, anashindwa kupanda. Fuata puto: utotoni Ellie alimpelekea Carl puto alipokuwa amelala ameumia mkono, sasa Carl anamsukumia puto kitandani hospitalini. Wahariri walichofanya ni kurudia fremu zilezile na kubadilisha nani yuko wapi. Akili ya mtazamaji inalinganisha yenyewe, na ule ulinganisho ndio unaoleta maumivu. Muziki wa Michael Giacchino nao ni mmoja tu, wa mapigo matatu kama wa kuchezea dansi. Unaanza na bendi iliyochangamka na unaishia kwa piano pekee, polepole, wimbo uleule. Alipata Oscar kwa muziki wa filamu hiyo, na alistahili kwa dakika hizo peke yake.

Kuna ushahidi unaoonekana kuyapinga haya, na inafaa kuuweka mezani. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha matokeo ya kazi ya kutafuta vipande vya filamu vinavyoweza kutumika maabara kuamsha hisia moja mahususi. Walipitia filamu zaidi ya 250, wakakata vipande 78, wakavionyesha kwa watu 494, na mwisho wakabaki na 16, viwili kwa kila hali. Kwa huzuni vilibaki kifo cha mama kwenye Bambi ya 1942 na kipande cha The Champ ya 1979, iliyoongozwa na Franco Zeffirelli. Hicho cha The Champ kina chini ya dakika tatu: bondia anafariki kwenye meza ya chumba cha kubadilishia nguo, na mwanawe mdogo anamwita aamke. Watu wa maabara hawakuona saa nzima ya kabla. Hawakuwekewa deni lolote. Na bado kipande hicho kimetumika kwenye utafiti wa huzuni mara nyingi tangu hapo.

Jibu langu ni kwamba mtoto ana kanuni zake. Mtu mzima akilia kwa sauti mbele ya kamera, baada ya sekunde kama kumi na tano tunaanza kumhukumu: anazidisha, anajionyesha. Mtoto hatumhukumu. Na ukikitazama kile kipande kwa makini utaona mtoto halii tu, anadai. Anawageukia watu wazima waliomo chumbani, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayeweza kumpa anachotaka. Kule kukataliwa mara kwa mara, na watu wanaompenda, kunafanya ndani ya dakika tatu kazi ambayo filamu nyingine hufanya kwa saa. Bambi nayo inatumia njia ileile kwa upole zaidi: risasi inasikika, mama haonekani akianguka, na mtoto anaita kwenye theluji bila kujibiwa.

Nguvu hiyo ya mtoto imewafanya waongozaji kutenda mabaya. Mwaka 1931, kwenye filamu Skippy, mwongozaji Norman Taurog alimliza mwigizaji mtoto Jackie Cooper, mpwa wake mwenyewe, kwa kumfanya aamini kwamba mbwa wake amepigwa risasi. Taurog akapata Oscar ya uongozaji. Cooper, alipokuwa mtu mzima, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1981 na kitabu akakiita kwa maneno ya kuomba mbwa wake asipigwe risasi. Miaka hamsini ilikuwa imepita. Hakuna picha inayostahili hilo, na wala si lazima kiufundi. Mtoto mpe kitendo, usimpe huzuni: mwambie amtafute mtu chumbani, aulize mara tatu, asimame mlangoni asubiri. Mpige picha akisikiliza badala ya kulia. Mzazi awepo, mazoezi yawe mafupi, na tukio zito lipigwe asubuhi kabla hajachoka. Kwa Setsuko, aliyetiwa sauti na mtoto wa miaka mitano, Ayano Shiraishi, sauti ilirekodiwa kwanza na wachoraji wakafuata, ndiyo maana pumzi zake zina mpangilio wa mtoto halisi.

Kamera sasa. Kwa uso unaojizuia, lenzi ya milimita 50 hadi 85 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha kunasa picha inatosha. Ya 24 au 28 ukiisogeza karibu inavimbisha pua na paji, na mtazamaji anaona sura ya kuchekesha bila kujua kwa nini. Ukitaka kusogea mbele, sogea sentimita 30 au 40 ndani ya sekunde 20, polepole kiasi kwamba hakuna anayegundua kamera imetembea. Mwanga ukitoka mbele moja kwa moja unafuta machozi: maji hayana rangi, yanaonekana kwa kung'aa tu. Weka taa kuu pembeni, nyuzi 45 au zaidi kutoka kwenye lenzi, na taa ndogo dhaifu usawa wa macho ili jicho liwe na nukta ya mwanga. Jicho lisilo na nukta hiyo linaonekana limekufa hata likiwa limejaa maji. Poda nzito usoni nayo ni adui, kwa maana tone likiteremka linachora mfereji.

Uso wa kuonyesha mara nyingi ni wa anayesikiliza, si wa anayesema. Anayesema ana maneno ya kumsaidia. Anayesikiliza hana kitu, na ndipo tunapomsoma. Mhariri akimaliza sentensi ya mwisho asikate haraka. Aache shoti, yaani ile picha moja isiyokatwa, iendelee sekunde nane, kumi, hata kumi na mbili. Katika sekunde tatu za kwanza mtazamaji bado anaelewa kilichosemwa, na ni baada ya hapo tu ndipo anaanza kuhisi. Ukikata kwenye sekunde ya nne umemwondoa mlangoni. Ukikata kwenye ya ishirini ameshaanza kufikiria waya za taa.

Mwigizaji naye ana mwili, na mwili una kikomo. Tukio la kilio lipigwe picha ya karibu kwanza, kabla ya zile za mbali, kinyume na desturi ya kuanza na upana. Machozi ya kweli huwa mengi kwenye mara mbili tatu za mwanzo. Kukiwa na kamera mbili, weka ya pili kwa anayesikiliza wakati huohuo. Maji ya kunywa yawepo, watu wasiohusika watoke, na msimamizi wa mwendelezo apige picha kwa simu kila baada ya shoti: tone lilitoka jicho lipi, lilifika wapi, nani alilifuta na mkono gani. Bila hivyo mhariri ataletewa shavu bichi na shavu kavu ndani ya sentensi moja.

Machozi ya kweli yasipokuja, kuna njia mbili zinazokubalika. Glisarini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu hukaa shavuni kama tone kwa muda mrefu chini ya taa. Idondoshwe kwenye ngozi chini ya jicho, kamwe isiingie ndani. Ubaya wake ni kwamba jicho linabaki jeupe na limetulia huku shavu likiwa limelowa, na watu wanaona uongo. Njia ya pili ni kijiti cha mentholi cha wasanii wa vipodozi, kinachopakwa kidogo sana kama sentimita moja chini ya kope la chini, upande wa nje. Mvuke wake unalichokoza jicho na machozi yanayotoka ni ya mwigizaji mwenyewe. Ile dawa ya mafua ya kupaka kifuani isitumike kabisa karibu na macho. Ina kafuri na inaweza kuunguza. Kitunguu kinafanya kazi upesi mno: mwigizaji anafumba macho, na macho ndiyo tuliyoyafuata. Na wengi wanasahau pua. Machozi hupitia vijia vinavyoshuka puani, kwa hiyo anayelia kweli anavuta kamasi, sauti inabadilika, anapumua kwa mdomo. Shavu lenye tone moja safi na pua kavu ni tangazo la sabuni.

Sauti ni nusu ya kazi, na hapa ndipo filamu zetu nyingi zinapoanguka. Kinanda chenye sauti ya nyuzi kinaanza tangu mlango unafunguliwa, kinakaa juu kwa nguvu ileile mpaka tukio liishe, na mwigizaji anapigana nacho. Muziki uingie umechelewa, sekunde kadhaa baada ya jambo lenyewe, wakati mtazamaji ameshaanza kuhisi na anahitaji mahali pa kuishikilia hisia yake. Ukiwa chini ya mazungumzo, uwe dhaifu kwa desibeli 15 hadi 20 kuliko sauti ya mtu. Na kabla ya kuuingiza, acha kimya. Kimya hicho kisiwe kile cha kufuta kabisa sauti kwenye programu ya uhariri. Sikio linastuka kama limeziba. Kabla ya kuondoka kwenye eneo la kupiga picha, watu wote wanyamaze na mrekodi sauti achukue sekunde 30 hadi 60 za chumba kikiwa kitupu: feni, friji la jirani, jogoo wa mbali. Hiyo ndiyo inayowekwa chini ya kimya. Kilio kirekodiwe palepale kwenye tukio. Kukirudia studio wiki mbili baadaye karibu kila mara hutoa pumzi zisizolingana na mabega.

Kuhusu muziki wenyewe, John Sloboda, mwanasaikolojia wa Uingereza, mwaka 1991 aliwauliza watu 83 ni vifungu gani hasa vinavyowagusa mwilini, kisha akavichambua kwenye maandishi ya muziki. Machozi yaliambatana zaidi na noti inayoangukia nje ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) iliyo chini yake, inagongana nayo kidogo, halafu inashuka hatua moja na kutulia. Kusisimka ngozi kuliambatana na mabadiliko ya kodi yasiyotarajiwa. Mtunzi wa muziki wa filamu anaweza kulitumia hilo kesho asubuhi: wimbo mfupi wa noti nne au tano, uliojaa kushuka kwa namna hiyo, usikike mara moja mapema kwenye furaha na urudi baadaye ukiwa na chombo kimoja.

Filamu zinazowekewa sauti ya msimuliaji juu yake, zile za vibanda vya video, ni habari nyingine. Wasimuliaji kama DJ Afro wa Kenya wamejijengea jina kwa filamu za ngumi na risasi, na pale ufundi wao unang'aa. Tukio la kulia linataka mtu anyamaze, na msimuliaji aliyelipwa kusema anaona vigumu kuacha sekunde kumi zipite. Msimuliaji hodari angeweza kuigeuza hiyo kuwa silaha: aseme sana, aseme, halafu mahali pamoja tu akose la kusema.

Kwenye filamu za Kibongo mahali pa machozi ni msibani. Turubai, kinamama kumi wanalia, jeneza linatoka, mtu anazimia, muziki umejaa. Enzi za DVD hadithi ilikatwa vipande viwili ili viuzwe mara mbili, na kilio kikarefushwa kujaza muda. Tukio hilo halimlizi mtu kwa sababu wote wanalia sawasawa na hatumjui yeyote. Jaribu kuhama na kamera. Wageni wameshaondoka, ni siku ya nne, mjane yuko jikoni anapima mchele kwa kikombe. Kimoja, viwili, vitatu. Anasimama. Anarudisha kimoja kwenye ndoo. Anaosha mchele. Shoti moja, sekunde 25, hakuna muziki. Ili ifanye kazi lazima tuwe tumemwona mapema akipima vikombe vitatu mumewe yupo, bila mtu kuvitaja. Gharama yake ni ndogo kuliko turubai.

Sababu ya pili niliyoitaja, wema, inatumika kidogo mno kwetu, na ina nguvu kupita huzuni. Kenya imetoa mfano mzuri: Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, mama yake amemrudisha nyumbani, naye anapenda filamu za mashujaa. Dada yake anawashawishi watu wa kijiji kumfanya Jo aamini kwamba ana uwezo usio wa kawaida, na mwishowe kijiji kinajipanga kutengeneza filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Ugonjwa tunaujua mapema, kama kwa Takahata. Kinachotuvunja ni watu wazima wenye shughuli zao kuacha kazi na kuigiza mchezo kwa ajili ya mtoto mmoja. Ukiandika filamu ya aina hii, wema uwe na gharama inayoonekana: muda, fedha, aibu. Wema usiomgharimu mtu unapita kama salamu. Na mtendewa asitoe hotuba ya shukrani.

Mwongozaji wa Italia, Vittorio De Sica, alilijua hilo mwaka 1948. Mwishoni mwa filamu yake ya mwizi wa baiskeli, baba amekamatwa akijaribu kuiba, amedhalilishwa mbele ya mwanawe, na wanatembea ndani ya umati. Mtoto ameshika kofia ya baba yake, ameifuta vumbi. Halafu anaingiza mkono wake kwenye mkono wa baba. Hakuna aliyekufa.

Baada ya filamu, mwili wa mtazamaji una ratiba yake, na anayepanga onyesho aijue. Mwaka 2015 kundi la watafiti akiwemo Ad Vingerhoets wa Uholanzi lilionyesha watu 60 filamu mbili za kuhuzunisha, mojawapo ikiwa ile ya Hachi, mbwa wa Kijapani aliyemngoja bwana wake stesheni kwa miaka. Waliolia walijisikia vibaya zaidi mara filamu ilipokwisha. Baada ya dakika 20 walikuwa wamerudi walipokuwa. Baada ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko kabla ya kuanza kutazama. Watafiti wa Oxford nao, kundi la Robin Dunbar, waliripoti mwaka 2016 kwamba watu walioguswa zaidi na tamthilia ya kuhuzunisha waliweza kuvumilia maumivu ya kukaa bila kiti, mgongo ukiegemea ukuta, kwa muda mrefu zaidi, na walijihisi karibu zaidi na wale waliotazama nao. Basi taa za ukumbi zisiwashwe neno la mwisho linapotoka. Acha majina yapande dakika mbili tatu gizani. Mwenye kipaza sauti asipande jukwaani kuuliza watu wamejifunza nini. Na maswali ya tathmini yakiulizwa dakika ya kwanza yatapata majibu ya watu walio chini kabisa. Yaulizwe baada ya chai, au kesho yake.

Kabla ya hapo, mhariri anahitaji jaribio moja dogo. Tafuta watu wanane hadi kumi na wawili wasioijua hadithi, wasio ndugu wa waigizaji. Zima simu, funga mapazia. Kaa pembeni mbele, uwatazame wao badala ya kioo, na uandike dakika: wapi wameacha kula, wapi wameshika midomo, wapi mmoja amekohoa na wengine wakafuata. Kukohoa kwa pamoja maana yake umewapoteza. Ukiona wamelia dakika ya 50 na wewe ulikuwa umepanga dakika ya 70, ile ya 70 usiiongezee kitu. Iondolee muziki kwanza, uwaonyeshe wengine, halafu uangalie kama tukio lenyewe bado lina kazi.